Nataka kumpikia mke wangu chakula cha usiku cha Kitunisia, mlioko Tunis nisaidieni menyu

Tumbuizo:

Habari zenu wakuu, hasa nyie mlioko Tunisia au mliowahi kuishi huku. Mke wangu anakuja Tunis wiki ijayo, atakaa na mimi likizo yake yote, hatujaonana muda mrefu kwa sababu ya kazi na Jumamosi ndio tunatimiza mwaka mwingine wa ndoa. Kila mtu ananiambia nimpeleke mgahawani Sidi Bou Said akale huku anaangalia bahari, sawa tutakwenda siku nyingine, ila hiyo Jumamosi nataka nimpikie mwenyewe hapa nyumbani tukae wawili tu, na chakula kiwe cha huku huku ili aonje yale yote ambayo nimekuwa namsimulia kwenye simu.

Jiko langu la kawaida, gesi ya plate mbili na oveni ndogo. Kupika najua, ila vyakula vya huku huwa nakula tu vya watu, mwenyewe nyumbani nikijitahidi sana ni mayai na harissa, ile pilipili ya kusaga ya huku. Nilichofikiria mpaka sasa ni kuskusi (zile chembe za ngano za kupika kwa mvuke) ya kondoo, brik, tajine, saladi mechouia, lablabi halafu makroudh mwishoni. Yeye pilipili anakula ya kiasi, pombe hatunywi, na samaki anapenda kuliko nyama. Nisaidieni nipike nini na nianze saa ngapi, maana sitaki afike anikute jasho linanitoka jikoni na yeye amekaa peke yake mezani anachezea simu.

mama Warda:

Hongera sana mdogo wangu, na wifi yetu afike salama. Nimeishi La Marsa miaka mingi, watoto wangu wamekulia huku, kwa hiyo hili naliongea kama mtu wa ndani.

Hiyo orodha yako ni ya kulisha ukoo mzima. Toa lablabi kwanza, lablabi ni bakuli kubwa la dengu lililomiminwa juu ya mkate uliokauka na kamun (bizari nyembamba) na harissa, chakula cha asubuhi ya baridi, mtu akimaliza anataka blanketi na wewe hutaki alale saa mbili usiku. Toa na tajine. Wengi wakisikia tajine wanafikiria ile ya Morocco ya chungu chenye mfuniko mrefu, huku tajine ni mayai yaliyopigwa na nyama, jibini na maadnous (majani ya parsley), yanaokwa kwenye oveni na kukatwa vipande vya mraba. Tamu sana, ila ukishaweka brik tayari una yai mezani.

Brik usiitoe kwa namna yoyote, hiyo ndio chakula cha wapendanao kuliko vyote vya nchi hii. Unanunua malsouka, zile karatasi nyembamba za unga, zipo kila duka la mtaani. Unachemsha kiazi kimoja unakiponda, unachanganya na kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo, maadnous nyingi, chumvi na pilipili manga. Tandaza malsouka kwenye sahani, zungusha hicho kiazi katikati kama ukuta wa duara, ndani ya duara weka tuna wa kopo na zile kapari za chumvi (vitumba vidogo vya kijani), halafu pasua yai humo humo. Kunja haraka, mafuta yawe yameshapata moto, itelezeshe kutoka kwenye sahani moja kwa moja kwenye kikaango huku umeshika kingo zake sekunde chache zishikane. Dakika moja hivi upande mmoja, unateka mafuta kwa kijiko unamwagia juu, unageuza, dakika nyingine pungufu kidogo, toa. Kiini lazima kibaki kinatiririka, brik yenye yai lililoiva kama jiwe haina maana yoyote. Kipande cha ndimu pembeni.

Na inaliwa kwa mkono, hakuna kisu wala uma, unaishika kwenye pembe unang'ata katikati unawahi kiini kabla hakijamwagika. Wanasimulia huku kwamba zamani mama mkwe alikuwa anampa kijana anayeposa brik ale mbele yao, akimwaga kiini basi binti hapewi. Wewe umeshapewa ila msimulie wifi hiyo wakati ameishika mkononi, utaona anavyocheka.

Mechouia nayo bakisha, nitakueleza chini akishatokea mtu wa kukusaidia kwenye samaki maana hapo naona wenzangu wana mengi.

Nyota ya Jaha:

Mkuu mimi ningekwambia achana na kuskusi kabisa. Pika ojja ya kamba, kikaango kimoja nusu saa umemaliza. Mafuta ya zeituni, thomu (kitunguu saumu), kijiko kidogo cha harissa, nyanya ya kopo kidogo na nyanya mbichi za kukwangua, hoho, kisibiti na giligilani ya kusaga (huku vinauzwa vimeshachanganywa pamoja na thomu na pilipili vinaitwa tabil), acha ichemke mpaka uone mafuta yanaelea juu, ndio unaweka kamba uliowamenya, dakika tatu nne tu wakizidi wanakuwa mpira, mwisho unapasua mayai juu. Unaweka kikaango katikati ya meza mnachovya mkate wa tabouna wote wawili kwenye kikaango kimoja. Niambie kitu gani kina mahaba kuzidi hapo? Kula sahani moja na mtu wako.

Kijana wa Sfax:

Nyota heshima yako dada, ojja ya kamba hata mimi naipenda, ila fikiria jamaa atakavyokuwa. Brik haisubiri, ukiitoa kwenye mafuta inaliwa hapo hapo. Ojja nayo haisubiri, mayai yanaendelea kuiva hata ukizima moto na kamba wanakakamaa. Sasa jamaa anakaanga brik, anarudi mezani anakula mbio mbio, anainuka tena dakika ishirini anahangaika na kamba, halafu mke kaachwa na mshumaa. Ameshasema hataki hivyo. Usiku kama huo unatakiwa kuwa na chakula kimoja tu cha kuinukia, vingine vyote viwe vimeshaiva na vinaweza kukusubiri wewe, sio wewe uvisubiri. Na kwa kuwa brik tumekubaliana wote haitoki basi hicho kingine kiwe ni chakula kinachopenda kukaa, na kuskusi inapenda kukaa. Ukiichanganya na mchuzi wake ukaifunika inaendelea kunywa mchuzi taratibu na inazidi kuwa tamu.

Ila kondoo weka pembeni, huku kwetu Sfax na visiwa vya Kerkennah kuskusi ni ya samaki, na shemeji umesema anapenda samaki. Kwa watu wawili gramu 250 za kuskusi zinatosha na zinabaki.

Usiku wa Ijumaa loweka dengu. Jumamosi mchuzi unaanza hivi, kitunguu kwenye mafuta ya zeituni, usiogope mafuta, nyanya ya kopo vijiko viwili vikubwa uikaange mpaka ibadilike rangi iwe nyekundu iliyoiva, harissa kijiko kidogo kimoja kwa sababu shemeji si mtu wa pilipili kali, thomu, tabil, na kamun, kamun na samaki huku haviachani. Maji, dengu, kichwa cha samaki kama umepata. Kichemke taratibu mpaka dengu zilainike. Vipande vya samaki unaweka mwishoni, robo saa tu vinatosha, chewa ndio bora kwa sababu nyama yake imeshikana haisambaratiki. Hoho mbili za kukaanga unaweka juu wakati wa kupakua.

Kuskusi yenyewe usifuate maelekezo ya pakti ya kumwagia maji ya moto na kufunika, hiyo inakupa uji wa chenga. Ipake mafuta ya zeituni kwa vidole mpaka kila chembe iteleze, nyunyizia maji kidogo, weka kwenye keskes, yaani kile chombo chenye matundu kinachokaa juu ya sufuria ya mchuzi. Mvuke ukianza kutoka juu hesabu dakika ishirini. Itoe, ivunje madonge, nyunyizia maji yenye chumvi, rudisha robo saa nyingine. Mvuke unaopanda una harufu ya samaki na kamun na yote inaingia kwenye kuskusi, ndio maana kuskusi ya huku huwezi kuilinganisha na ya maji ya moto. Huna keskes? Chujio la chuma linaloenea kwenye mdomo wa sufuria linafanya kazi, ziba pembeni kwa kitambaa chenye maji mvuke usitoroke.

Halafu mimina mchuzi juu ya kuskusi bila samaki, changanya, iwe nyekundu yote, funika. Hii nayo ndio tofauti na majirani, huku kuskusi ni nyekundu. Mwaka 2020 UNESCO iliiandikisha kuskusi kwa jina la nchi nne kwa pamoja, Tunisia, Algeria, Morocco na Mauritania, na kila mmoja anaipika kivyake, kwa hiyo mpe shemeji ya hapa.

Nyota ya Jaha:

Hapo kwenye kusubiri umenishinda nakubali. Lakini ojja mpikie asubuhi ya Jumapili basi, bila kamba hata soseji za merguez zinatosha, mnakula mkiwa bado na usingizi na hakuna mtu ana haraka.

mama Warda:

Sawa sasa tumeelewana, mechouia, brik, kuskusi ya samaki, basi inatosha.

Mechouia ipike mchana mapema. Hoho tatu nne, kama unapata zile ndefu za kijani changanya moja yenye ukali, nyanya tatu, kitunguu kimoja, punje za thomu na maganda yake. Choma moja kwa moja kwenye moto wa gesi mpaka ganda liwe jeusi kabisa, usiogope weusi. Weka kwenye bakuli funika na sahani robo saa, ganda linajiachia lenyewe. Usioshe na maji tafadhali, ile harufu ya moshi ndio saladi yenyewe, ukiiosha umeimwaga. Katakata kwa kisu, usisage kwenye blenda, inatakiwa uone vipande. Chumvi, kisibiti ya kusaga, ndimu na mafuta ya zeituni. Iache kwenye friji, saa moja kabla ya kula itoe ule ubaridi upungue. Watu wa huku wanaipamba na yai la kuchemsha na tuna, wewe weka zeituni nyeusi tu kwa sababu tuna na yai viko kwenye brik.

Na mafuta ya zeituni nunua mazuri, nchi hii imejaa mizeituni na ni aibu kupika na mafuta yasiyo na harufu. Kaskazini kuna Chetoui ina ukali kidogo kooni, Sfax kuna Chemlali ambayo ni laini. Kwenye mechouia mimi naweka Chetoui, kukaangia brik tumia mafuta ya kawaida.

Mpemba wa Goulette:

Salaam aleikum nyote. Mimi nitaongelea soko na meza, kwenye mapishi wameshakumalizia.

Jumamosi asubuhi mapema nenda Marché Central pale mjini, wenyewe wanaita Fondouk El Ghalla, upande wa samaki. Usiende saa sita mchana, wazuri wameshaondoka. Angalia macho yawe yamejaa na kung'aa, matamvua mekundu, bonyeza nyama irudi. Mwambie muuzaji ni ya kuskusi, atakukatia vipande vya unene unaotakiwa na atakupa kichwa, usikiache. Hapo hapo unapata zeituni, kapari, ndimu na harissa ya kupima. Harissa ya nyumbani inayotengenezwa na kina mama wa Nabeul ina mambo mengi kuliko ukali peke yake, pilipili zinakaushwa juani, zinasagwa na thomu, giligilani na kisibiti, na mwaka 2022 nayo UNESCO wameitambua. Weka kidogo kwenye kisahani, mimina mafuta ya zeituni juu, zungushia zeituni na mkate wa moto, hicho ndio kinatangulia mezani kabla ya chochote. Shemeji aamue mwenyewe achovye kiasi gani, na hivyo humlazimishi ukali kwenye mchuzi.

Kinywaji tengeneza citronnade usiku wa Ijumaa. Ndimu kubwa za njano tatu, zikate na maganda yake toa mbegu, sukari, saga na maji kidogo, acha kwenye friji usiku kucha, asubuhi chuja kwa kitambaa ongeza maji baridi. Matone ya zhar, yale maji ya maua ya mchungwa, lakini matone kweli, ukimwaga kijiko inanuka kama sabuni. Zhar nzuri ni ya Nabeul pia, kule majira ya kuchipua wanachuma maua ya michungwa michungu na kuyachemsha majumbani kwenye vyombo vya shaba.

Tena kuna kitu usikisahau kabisa. Jioni toka nje ununue machmoum, vile vishada vya asumini vinavyouzwa na vijana wanaotembea na ungo jioni za kiangazi. Vitumba vinafungwa kimoja kimoja na uzi kwenye kijiti wakati bado havijafunguka, vinafunguka usiku vyenyewe. Sisi watu wa pwani tuliokua na kikuba, kile kishada cha maua yanayonukia, tunajua asumini inafanya kazi gani kwenye chumba, sina haja ya kueleza. Kimoja cha shemeji, kimoja weka sikioni kwako kama wanaume wa huku, mlango ukifunguliwa ndio kitu cha kwanza atakachonusa. Kwa hiyo mishumaa ya manukato acha, inagombana na asumini na chakula pia.

Makroudh usipike nyumbani, kuna kazi ya semolina, tende, kukaanga na asali, ni siku nyingine hiyo. Nunua vipande vichache, vya Kairouan vikipatikana ndio vyenyewe. Au tende za Deglet Nour tu kwenye sahani nzuri. Mwisho chai ya kijani iliyochemka ikakolea na sukari na nanaa, kwenye glasi ndogo, juu unaelea bondok, zile mbegu za msonobari, mnakunywa taratibu na kijiko kidogo cha kuvulia mbegu. Chai hiyo ndiyo inayokaliwa muda mrefu, wali na mchuzi mtu anamaliza anaondoka ila glasi ya bondok mnaweza kuongea mpaka usiku wa manane.

Tumbuizo:

Wakuu nimesoma yote mara mbili na nimeandika kwenye karatasi nimebandika kwenye friji, Mungu awabariki. Nimepanga hivi, Ijumaa usiku dengu na citronnade, Jumamosi saa mbili asubuhi sokoni, saa saba mchana mechouia, saa kumi mchuzi, saa kumi na moja na nusu kuskusi kwenye mvuke mara mbili, naichanganya naifunika. Saa moja nakwenda kuoga na kutafuta machmoum. Saa mbili tunakaa na harissa na mechouia, ndio nainuka mara moja kukaanga brik.

Maswali mawili tu. Je naweza kukunja brik mapema nikaziweka kwenye friji ili niwe nazikaanga tu? Na samaki akikaa kwenye mchuzi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili na nusu si atakuwa amevurugika?

Kijana wa Sfax:

Samaki mtoe akishaiva, mweke kwenye sahani pana umwagie mchuzi kidogo juu, funika. Bakisha mchuzi mwingine kwenye sufuria. Unaporudi jikoni kukaanga brik washa ule mchuzi moto mdogo kabisa, brik zikiisha kuliwa mchuzi umeshapata moto, unamrudisha samaki humo dakika mbili unapakua. Kuskusi nayo irudishe juu ya huo mvuke wakati mnakula brik, inapashika yenyewe bila wewe kuinuka.

mama Warda:

Hapana, usikunje mapema hata kidogo. Yai litalowanisha malsouka na ukiinyanyua tu inapasuka mkononi, mafuta yanaruka jiko zima. Fanya hivi, andaa kila kitu kwenye sahani, kiazi kimeshapondwa, tuna umeshamchuja maji yake, kapari umeziosha chumvi, mayai mawili pembeni. Malsouka ziache ndani ya pakti yake mpaka dakika ya mwisho, hewa ikizipiga zinakauka zinavunjika kama majani makavu. Kukunja na kukaanga zote mbili ni dakika tano haizidi.

Tena mimi ningekushauri mwite wifi jikoni hizo dakika tano. Wewe unakunja, yeye anapasua yai. Anakuwa ameshiriki na mnakula hapo hapo mmesimama kabla hazijapoa, halafu mnarudi mezani kwenye kuskusi. Mwambie "shahiya tayba", ndivyo wanavyosema huku kabla ya kula.

Tumbuizo:

Hilo la kumwita jikoni limenigusa sana mama, sikulifikiria. Nitafanya hivyo hivyo. Malsouka zikibaki kwenye pakti nazifanyaje, maana nimeona wanauza nyingi kwa pamoja?

mama Warda:

Zifunge vizuri na nailoni weka friza zinakaa wiki kadhaa, siku ya kutumia unazitoa zinayeyuka zenyewe mezani bila kufungua nailoni. Au Jumapili jioni tengeneza vidole vya Fatma, hizo hazina yai bichi ndani, unaweka kiazi, jibini na maadnous, unakunja mviringo mrefu, na hizo ndio unaweza kuzikunja mapema upendavyo.